Kutoka hongo hadi lala salama: historia ya makuta ya ulinzi kusini mwa Maniema

Kusini mwa Maniema, wizi unapozidi katika kartiye, au watu wanaponyang'anywa mali njiani kwenda shambani, mazungumzo yanafika haraka pahali pamoja: tuchange. Kila nyumba itoe kitu. Vijana wapatiwe tochi na makoti ya mvua. Polisi wapewe makuta ya mafuta ya pikipiki ili wafike wakiitwa. Usiku watu walale.

Wazo hilo linaeleweka. Polisi ni wachache, teritwari ni kubwa, barabara ni mbaya, na askari ambaye mshahara wake ni mdogo na unachelewa hawezi kuzunguka usiku kucha kwa moyo tu. Lakini katika Kasongo na Kabambare wazo hili halikuanza leo. Kwa muda wa miaka karibu 150 wakaaji wa huku wamelipia usalama wao kwa pembe, mpira, mihogo, kuku, dhahabu na faranga. Jina la malipo limebadilika kila mara. Na mara nyingi wale waliolipwa ili walinde ndio waliokuja kuogopwa.

Historia hiyo haisemi kwamba watu wasichange. Inaonyesha ni wakati gani mchango unabaki mchango, na ni wakati gani unageuka kodi ya nguvu.

Hongo ya misafara

Leo neno hongo katika Kiswahili ni rushwa, kile ambacho wengi mashariki mwa Kongo wanakiita matabishi. Katika karne ya 19 lilikuwa na maana nyingine. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ilitoa hongo kwa watemi wa Ugogo, Unyamwezi na Uha: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Yalikuwa malipo ya kupita salama. Mtemi akipokea, alitakiwa kuhakikisha kwamba msafara haushambuliwi katika nchi yake na unapata maji na chakula cha kununua. Henry Morton Stanley, alipopita Uha mwaka 1871, alilalamika sana kuhusu hongo, lakini alilipa na akapita. Mwaka huohuo Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora, na mojawapo ya sababu ilikuwa ni nani ana haki ya kusimamia njia na malipo yake.

Njia hiyo iliendelea ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe kando ya mto Lualaba. Ndiyo njia iliyoleta Kiswahili cha Waungwana, kile ambacho baadaye kiliitwa Kingwana. Lakini baada ya kuvuka ziwa, mambo yaligeuka. Huku wenye nchi hawakupokea hongo kutoka kwa wapita njia. Wapita njia walikuwa na bunduki nyingi, na wenye nchi ndio waliolipa: pembe za ndovu, chakula, wapagazi na watu wa utumwa.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, watu wenye bunduki waliokuwa chini ya wafanyabiashara waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine wakizama mtoni walipojaribu kukimbia. David Livingstone alikuwapo na aliandika alichokiona. Soko ni pahali ambapo hata watu wenye ugomvi walikutana kwa amani. Siku ile ilionekana kwamba bunduki zilizo mikononi mwa watu wasiojibu kwa yeyote wa pale haziheshimu hata amani ya soko.

Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Aliyekubali kuwa chini yake na kumpa pembe alilindwa dhidi ya wavamizi wengine. Aliyekataa alivamiwa na watu wake. Huo ulikuwa ulinzi wa kweli kwa maana moja, kwa sababu biashara ilikwenda na mashamba ya mpunga yaliongezeka kandokando ya mji. Lakini aliyelipa hakuwa na njia ya kusema kwamba mwaka huu halipi.

Serikali mpya, kodi mpya

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, yaliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893 chini ya Francis Dhanis. Kabambare ilishikwa Januari 1894, Rumaliza na watu wake walipokuwa wameshindwa. Sababu iliyotangazwa Ulaya ilikuwa kumaliza biashara ya watumwa na kuleta usalama.

Askari wa Force Publique walilishwa na vijiji. Muhogo, kuku na samaki vilichukuliwa, na vijana walichukuliwa kuwa wapagazi au askari. Wengi wa wale askari walikuwa watu wa mikoa hiyohiyo, wakiwemo waliowahi kupigana chini ya Gongo Lutete, aliyewasaidia Wabelgiji kuishinda Kasongo na ambaye Wabelgiji haohao walimuua kwa hukumu mwezi Septemba 1893. Mwaka 1897 sehemu ya jeshi la Dhanis iliasi, na mwaka 1898 waasi walifika hadi Kabambare na kuishika. Kwa wanakijiji, aliyekuja na bunduki kwa jina la serikali na aliyekuja na bunduki kwa jina la uasi waliomba kitu kilekile: chakula na watu.

Baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka 1908, kodi ya kichwa ililetwa kwa sheria mwaka 1910. Kila mwanaume mzima alipaswa kulipa kwa makuta. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga sheferi na sekta, na kuzipa sanduku lao la hesabu. Hapo kwa mara ya kwanza kulikuwa na sanduku la eneo, lenye daftari, ambalo lingeweza kulipa makarani, wajumbe na askari wa chifu. Lakini daftari lilikaguliwa na administrata Mbelgiji, si na wakaaji. Chifu aliyekusanya vizuri alisifiwa na mkubwa wake. Mkulima aliyelipa hakuwa na kiti cha kukaa na kuuliza makuta yake yamefanya nini.

Desturi hiyo imeishi muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe. Mpaka leo wakaaji wengi wanajua vizuri ni nani anakusanya, lakini hawajui ni wapi hesabu inasomwa.

Simba, kisha Mobutu

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulitoka upande wa ziwa, ukapita Kabambare na Kasongo, na mwezi Julai ukaingia Kindu. Vijana wengi wa Maniema waliingia kwa hiari. Walichoka na viongozi wa baada ya uhuru waliojitajirisha haraka, na waliamini kwamba dawa ya maji ya waganga itawakinga na risasi. Mwanzoni watu wengi waliwaona kama watoto wao waliokuja kuondoa uonevu. Baada ya wiki chache makarani, walimu na watumishi wa serikali waliuawa Kindu, na katika vijiji kadi ya chama cha MNC-Lumumba ikawa kinga: asiye nayo alikuwa mtu wa kushukiwa. Mwezi Novemba mji wa Kindu ulirudishwa mikononi mwa serikali kwa msaada wa mamluki wa kizungu, na upande huo pia haukuwahurumia raia.

Chini ya Mobutu serikali ilirudi, lakini polisi walibadilishwa sura. Mwaka 1972 polisi ya kiraia ilivunjwa na kuingizwa ndani ya jandarma, ambayo ilikuwa sehemu ya jeshi. Askari aliyetakiwa kushughulika na wizi wa mbuzi na ugomvi wa jirani alifundishwa kama mwanajeshi. Kadiri thamani ya zaire ilivyoanguka, mshahara wake ulibaki karatasi tu. Mwaka 1991 na tena mwaka 1993 wanajeshi wenyewe walipora Kinshasa na miji mingine. Wakati huo ndipo tabia ambayo kila Mkongo anaijua ilikomaa: anayelalamika ndiye anayelipa. Unataka mwizi akamatwe, lipa usafiri wa askari. Unataka malalamiko yaandikwe, lipa karatasi. Usalama ukawa kitu cha kununua kidogo kidogo, kila mtu kwa kesi yake, na mwenye makuta mengi kuliko mwenzake aliweza kuwatuma polisi kwa mpinzani wake.

Maniema ikawa jimbo kamili mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa mara tatu. Wakubwa wa jimbo wakawa Kindu, karibu zaidi kuliko Bukavu. Hata hivyo kwa mtu wa Kabambare ofisi ya karibu yenye uwezo ilibaki mbali.

Effort de guerre

Vita vya Agosti 1998 vilileta jina jingine la malipo, na watu walilitamka kwa Kifaransa: effort de guerre. Waasi wa RCD, wakisaidiwa na Rwanda, walishika Kindu mwezi Oktoba mwaka huo na kutawala miji ya Maniema. Kodi zilikusanywa sokoni, kwenye magari, na kwenye madini. Mwishoni mwa mwaka 2000 RCD ilitoa ruhusa ya peke yake kwa kampuni ya SOMIGL kuuza koltani nje ya nchi kutoka eneo lake, na viongozi wake walisema kwamba makuta hayo yanahitajika kuwatunza askari. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2001.

Porini na vijijini kulikuwa na Mayi-Mayi. Wengi wao walikuwa vijana wa pale pale, waliolishwa na mama zao na wajomba zao. Walianza kama walinzi wa kijiji dhidi ya jeshi lililotoka nje. Lakini vita vilipoendelea mwaka baada ya mwaka, jirani wa mjini akawa adui wa mtu wa porini. Aliyetoka mjini kwenda shambani alishukiwa na Mayi-Mayi kuwa mpelelezi wa RCD, na aliyerudi mjini alishukiwa na RCD kuwa mpelelezi wa Mayi-Mayi. Pande zote mbili zilikula kutoka shamba moja.

Amani ya mwaka 2003 ilileta serikali ya mpito, na wapiganaji wengi waliingizwa katika jeshi jipya. Wengine walibaki. Wazo kwamba kijiji kinaweza kujilinda chenyewe, na kwamba kijiji ndicho kinacholisha walinzi, halikuondoka.

Raia waliokasirika

Mwaka 2005, katika kusini mwa Shabunda, ng'ambo ya mpaka wa Maniema na Kivu ya Kusini, wanavijiji walioshambuliwa na wapiganaji wa FDLR waliinuka. Walijiita Raia Mutomboki, yaani raia waliokasirika. Mhubiri aliyeitwa Jean Musumbu aliwapa dawa na masharti. Hawakuwa na mfadhili mkubwa. Walikuwa na mapanga, mikuki, bunduki chache, na vijiji vilivyowapa chakula kwa sababu vilikuwa na hofu ileile. Walifaulu kuwaondoa FDLR katika sehemu kubwa ya eneo lao, kisha wengi wao wakarudi shambani.

Hiyo ndiyo sehemu ya habari ambayo watu hupenda kusimulia. Sehemu ya pili ilikuja mwaka 2011. Jeshi la FARDC liliondoa vikosi vyake Shabunda ili kupangwa upya katika rejimenti, FDLR wakarudi, na Raia Mutomboki wakaamka tena. Safari hii jina lilisambaa kuelekea kaskazini hadi Kalehe na Walikale, na likagusa Maniema pia. Kila kundi lilikuwa na mkubwa wake. Penye dhahabu na kasiteriti, walinzi walianza kulipisha wachimbaji na wapita njia. Adui wa kwanza aliposukumwa mbali, sababu ya kukusanya ilibaki, na sababu hiyo ilikuwa kukusanya kwenyewe.

Kabambare ilipata somo lake yenyewe huko Salamabila. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, wa kampuni ya Banro kutoka Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Katika migodi mikubwa ya Kongo ni jambo la kawaida kampuni kutoa chakula, nyumba na posho kwa polisi na askari wanaolinda eneo lake. Pale penye makuta, ulinzi unakuja. Wakati huohuo wachimbaji wa mikono na wakaaji waliolalamika kuhusu ardhi, mashimo na kazi waliona kwamba hakuna anayewalinda wao. Kundi la Mayi-Mayi Malaika, likiongozwa na Sheikh Assani Hazaifa, lilijitangaza kuwa mtetezi wao.

Kilichofuata kinajulikana. Mwezi Machi 2017 wafanyakazi 5 wa mgodi walitekwa nyara. Mwezi Julai 2019 wengine 4 walitekwa. Mwezi Septemba 2019 kampuni ilisimamisha kazi. Kati ya tarehe hizo kulikuwa na mapigano ya mara kwa mara kati ya Malaika na FARDC, vijiji vilikimbia, na wanawake walibakwa. Mkaaji wa kawaida wa Salamabila hakulindwa na polisi waliotunzwa kwa makuta ya mgodi, na hakulindwa na vijana waliopigana kwa jina lake.

Kulala salama kwa bei

Kaskazini zaidi, katika Kivu ya Kaskazini, malipo ya ulinzi yalipata jina ambalo ni la kinyumbani kabisa: lala salama. Ni maneno ya kumtakia mtu usiku mwema. Katika Rutshuru na Masisi, makundi yenye silaha yaliyatumia kwa kodi ya kila mwezi ambayo kila mtu mzima alilipa. Aliyelipa alipewa kikaratasi au jeton ya kuonyesha. Asiyekuwa nacho alipigwa, alifungwa, au alipelekwa kufanya kazi za kulazimishwa. Jina lilisema ukweli kwa namna ya uchungu: aliyekusanya ndiye angekuzuia kulala.

Barieri ni ndugu wa lala salama. Watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu barieri karibu 800 katika Kivu zote mbili, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017. Nyingi zilishikiliwa na jeshi la serikali na nyingine na makundi yenye silaha. Karibu kila moja ilikuwa na maelezo yake ya usalama.

Mtu akilinganisha hongo ya Uha ya mwaka 1871 na kikaratasi cha lala salama, ataona tofauti moja kubwa. Mtemi wa Uha alijua kwamba akidai kupita kiasi, misafara itatafuta njia nyingine, na misafara ilifanya hivyo. Mkulima wa Masisi hawezi kuhamisha shamba lake.

Somo la ng'ambo ya ziwa

Wakongo wengi waliokimbia vita vya 1996 na 1998 walivuka ziwa Tanganyika wakaishi katika kambi za mkoa wa Kigoma, Nyarugusu na Lugufu, wengi wao wakiwa watu wa Fizi na maeneo ya jirani. Kambini walikutana na neno jipya: sungusungu. Walikuwa wakimbizi wenzao waliozunguka usiku bila bunduki, wakitatua ugomvi mdogo na kupeleka makosa makubwa kwa polisi wa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la UNHCR lilikubaliana na serikali ya Tanzania kugharimia polisi wa ziada kambini: posho, magari, mafuta, mawasiliano. Makuta yalitoka nje, lakini polisi walibaki chini ya amri ya serikali yao, na makubaliano yalikuwa kwenye karatasi.

Sungusungu yenyewe ilianza Tanzania karibu mwaka 1981, katika mpaka wa Shinyanga na Tabora, nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 bunduki zilikuwa zimesambaa na wezi wa ng'ombe walizidi. Polisi walionekana kuwa mbali, na baadhi yao walishukiwa kula na wezi. Wanavijiji walijipanga kwa upinde na mishale, kwa firimbi na yowe. Kila kijiji kilikuwa na viongozi wake, mkutano wake, na mfuko wake uliotokana na viingilio na faini. Mwizi aliyekataa kulipa faini alitengwa: hakuna aliyemsalimia wala kumpa moto.

Haikuwa safi. Watu walipigwa na wengine waliuawa kwa tuhuma za wizi na za uchawi. Polisi na mahakimu walikuwa na mashaka, huku viongozi wa chama cha CCM wakiwaunga mkono. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa na kuwatambua sungusungu. Mjini, kuanzia miaka ya 1990, desturi ilibadilika kidogo: anayeweza kuzunguka anazunguka, asiyeweza anatoa mchango. Kuanzia mwaka 2006, chini ya mkuu wa polisi Said Mwema, mpango wa ulinzi shirikishi ulienezwa. Katika mitaa ya Mwanza wakaaji walichanga kila mwezi kuwalipa vijana wa doria. Na hapo malalamiko yaleyale yakajitokeza: nani hajalipa, nani amekula, kwa nini doria inapita zaidi kwa matajiri. Tofauti ni kwamba malalamiko hayo yalikuwa na pahali pa kusemwa, yaani mkutano wa mtaa, ambako mwenyekiti aliyechaguliwa alipaswa kujibu.

Sheria ya Kongo inasema nini

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 iko wazi. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi, kinachofanana na cha kijeshi, au mgambo wa binafsi, au kutunza vijana wenye silaha. Kosa hilo ni uhaini mkubwa. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya jeshi la akiba la ulinzi, wakati wapiganaji wanaoitwa Wazalendo walikuwa tayari vitani dhidi ya M23. Wengi waliona kwamba mlango uliofungwa na katiba umefunguliwa upande. Lakini sheria hiyo inahusu ulinzi wa nchi chini ya jeshi. Haimpi kijana wa kartiye haki ya kukusanya makuta kwa silaha.

Kuna mlango mwingine ambao unatumika kidogo sana. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 kuhusu Polisi ya Taifa inasema kwamba polisi ni huduma ya umma, ya kiraia, iliyo karibu na wananchi na inayowasikiliza. Kutokana na mageuzi hayo kulikuja mabaraza ya eneo ya usalama wa jirani, ambapo administrata au mkuu wa sekta, polisi na wawakilishi wa wakaaji wanakaa meza moja kupanga ni matatizo gani yashughulikiwe kwanza. Kwa msaada wa Uingereza, polisi wa ujirani walijaribiwa Bukavu, Matadi na Kananga katika miaka ya kwanza ya 2010. Katika majaribio hayo kulikuwa na mikutano ya kartiye ambapo mama muuza samaki aliweza kumwambia kamanda, mbele ya watu, ni kona gani inatisha saa moja jioni. Mradi ulipofika mwisho, nguvu ilipungua, kwa sababu makuta yake yalikuwa ya mfadhili.

Sheria ya mwaka 2008 kuhusu maeneo yaliyogatuliwa inazipa sekta na sheferi bajeti yake na baraza la kuchaguliwa la kuisimamia. Miaka imepita, na wakaaji wa sekta na sheferi bado hawajachagua wajumbe wa mabaraza hayo. Kwa hiyo sanduku lililoanzishwa mwaka 1933 bado lipo, na kiti cha mlipaji wa kodi bado ni kitupu.

Kabla ya kutoa faranga ya kwanza

Historia ya Kasongo na Kabambare inatoa alama ambazo mtu anaweza kuzitazama katika mchango wowote wa ulinzi.

Ya kwanza ni kuacha kulipa. Mchango ambao mtu anaweza kuuacha, kwa sababu ni maskini au hakubaliani, na akabaki akilindwa sawa na jirani yake, ni mchango. Ukianza kuonyesha kikaratasi ili upite, umeshafika kwenye lala salama.

Ya pili ni hesabu. Makuta yasomwe mbele ya watu kila mwezi: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Anayeshika sanduku asiwe yuleyule anayeongoza doria. Hongo, kodi ya kichwa na effort de guerre vilifanana kwa jambo hili moja, kwamba mlipaji hakuwahi kuona daftari.

Ya tatu ni silaha. Firimbi, tochi na simu vinatosha kumwita polisi na kumtia mwizi hofu. Kundi likishapata bunduki, hata moja, mkutano wa kartiye hauwezi tena kulifukuza.

Ya nne ni mwisho. Raia Mutomboki wa mwaka 2005 walirudi shambani kazi ilipomalizika. Wale wa baadaye walibaki barabarani. Mchango uwe na muda, miezi sita au mwaka, na ukiisha watu wakae tena waamue kama wanauhitaji.

Na ya tano ni polisi wenyewe. Mafuta yanayonunuliwa na matajiri watatu wa kartiye yatampeleka askari kwenye nyumba za wale watatu. Yakinunuliwa na sanduku la wote, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kuwekwa mbele ya mkuu wa sekta, yanaweza kumpeleka pia kwa mjane wa mwisho wa barabara. Makubaliano hayo hayaondoi deni la serikali. Mshahara wa polisi ni kazi ya Kinshasa, na kartiye inayochanga ina haki ya kuendelea kuudai huku ikichanga.

Watu wa kusini mwa Maniema wamelipa kwa muda mrefu. Wamelipa kwa Waungwana, kwa Wabelgiji, kwa Simba, kwa jandarma, kwa RCD, kwa Mayi-Mayi na kwa barieri. Kila mara waliambiwa kwamba ni kwa usalama wao. Safari hii, kama wanachanga wenyewe kwa ajili yao wenyewe, daftari likae mezani, wazi, ambapo kila aliyetoa anaweza kuinama na kusoma jina lake.